Mrejesho: vidukari kwenye maharagi, Bukavu

Ndugu zangu, mwezi wa 3 niliwauliza namna ya kuvuta koksineli, vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi, waje kula vidukari (vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mimea) kwenye maharagi yangu hapa Bukavu. Aksanti sana kwa wote mliojibu.

Niliacha kabisa kupuliza dawa, nikaacha dhania itoe maua pembeni ya matuta ili kuvuta koksineli. Wiki 2 za kwanza hali ilizidi kuharibika, nikakaribia kurudia bomba la dawa. Halafu siku moja nikageuza jani: mayai ya koksineli, ya manjano, yamesimama pamoja, madogo kuliko punje za ulezi. Siku chache baadaye wakatoka watoto weusi wenye alama za rangi ya chungwa, kama mamba wadogo. Mama jirani alianza kuwaponda akidhani ni waharibifu. Tafadhali msiwaue, hao ndio wanaokula vidukari! Maharagi yamepona.

Majivu kwenye shina yalizuia sisimizi wanaolinda vidukari, ila mvua ikinyesha unamwaga tena.

Kwenye kabichi sikufaulu. Koksineli hawakupunguza viwavi, nusu ya vichwa vimetobolewa. Viwavi hao nawaokota kwa mkono kila asubuhi.