Naomba ushauri: friji na mashine ya kufulia za bei ya juu hudumu miaka mingapi kwetu huku Pwani?

MwenyejiRaskazone (Tanga)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wale ambao wamekwisha kukaa na vifaa vya nyumbani vya bei ya juu kwa miaka kadhaa, kwa kuwa sifa za mwezi wa kwanza hata mimi ninazo nyingi.

Mwaka 2019 mimi na mume wangu tulijinyima, tukanunua friji ya milango miwili yenye kompresa (pampu ya gesi ya ubaridi) ya inverta, yaani inayobadilisha kasi, pamoja na mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, vyote vya kampuni moja inayosifiwa sana. Tulilipa zaidi ya shilingi milioni 6. Kompresa ilikuwa na waranti ya miaka 10, mota ya mashine vivyo hivyo, na kusema kweli ni zile stika za miaka 10 zilizotufanya tufungue pochi.

Friji iliacha kugandisha mwaka wa nne. Fundi aliyeletwa na duka alisema kwamba gesi imevuja kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya ukuta wa friji, na kwamba mabomba hayamo kwenye waranti. Mashine nayo hunguruma inapokamua, kiasi kwamba majirani hujua siku yetu ya kufua. Tumeambiwa beringi zimekwisha, lakini tangi limeunganishwa kiwandani na halifunguki, hivyo ni lazima tununue tangi zima kwa bei inayopita nusu ya mashine mpya. Wakati huohuo friji ya mama mkwe wangu, ya mlango mmoja, aliyoinunua kabla sijaolewa, inaendelea kugandisha barafu anazowauzia majirani.

Sasa tunataka kununua upya, na ninaogopa kurudia kosa. Je, tatizo ni kampuni tuliyoichagua, ni mazingira yetu, au vifaa vya siku hizi havidumu?

FundiBaridi (Dar es Salaam)

Dada, pole sana. Nimetengeneza friji na viyoyozi kwa zaidi ya miaka 15, na ninachokieleza nimekiona kwa mikono yangu.

Waranti ya miaka 10 mara nyingi huhusu kompresa yenyewe au mota yenyewe, na katika hali nyingi ufundi, gesi na usafiri hulipwa na mwenye friji. Kompresa ni sehemu ambayo hufa kwa nadra, na kampuni hujua hivyo. Kinachokufa katika friji ya inverta ni bodi, yaani kadi inayopokea umeme wetu wa volti 230, kuugeuza kuwa wa mwelekeo mmoja, kisha kuuunda upya kwa kasi ambayo kompresa inaihitaji. Kadi hiyo haipendi umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Friji ya mama mkwe wako haina kadi ya namna hiyo, ina kompresa, kidhibiti joto na taa tu, na ikiharibika fundi yeyote wa mtaani huweza kuifungua.

Kuhusu kuvuja, hewa ya chumvi hula mabomba na maungio yake, hasa pale shaba inapokutana na alumini. Nilipoanza kazi, mabomba ya joto ya friji nyingi yalikuwa nje, nyuma yake, na yakitoboka niliyaona na kuyachomea. Siku hizi yamezikwa ndani ya povu la ukuta, sura ni nzuri, lakini hayafikiki. Ikiwa friji yako ya sasa haijauzwa, usiitupe: tundu likiwa upande wa mabomba ya joto, fundi mzuri huweza kuyaruka na kufunga mapya kwa nje. Likiwa ndani ya chumba cha kugandishia, kazi ni ngumu zaidi.

Tafadhali msomee fundi kibandiko cha nyuma kabla hajajaza gesi. Ikiwa kimeandikwa gesi ya aina ya R600a, asiweke aina ya R134a kwa sababu tu ndiyo aliyo nayo, maana kompresa hizo hazilingani. R600a huwaka moto, na friji ya nyumbani hubeba gramu chache tu, zisizozidi 150, hivyo hupimwa kwa mizani. Anayejaza kwa kukisia anakuharibia.

MzeeWaNyali (Mombasa)

Mwanangu, kwenye mashine ya kufulia mimi nitayataja maji. Yangu ilifanya kazi miaka 11 Nairobi bila kuguswa na fundi. Nilipostaafu niliileta Mombasa, nikaiunganisha na maji ya kisima, na mwaka wa tatu ikavunjika ule mkono wa pembe tatu unaoshika dramu kwa nyuma. Fundi aliponionyesha sikuamini, kwani ulikuwa umeliwa mpaka unameguka kwa vidole. Dramu ni ya chuma kisichoshika kutu, lakini mkono huo kwa kawaida ni wa aloi ya alumini, na maji ya chumvi pamoja na mabaki ya sabuni huushambulia siku zote ambazo mashine imefungwa mlango ikiwa na unyevu ndani. Hita nayo ilikuwa imevaa ukoko mweupe mnene kama ganda la yai.

Tangu hapo ninafulia maji ya mvua au ya bomba yanapopatikana, ninapima sabuni badala ya kumimina kwa mkono, mlango haufungwi mchana kutwa, na kila baada ya miezi 2 ninaizungusha tupu kwa maji ya moto yenye asidi ya ndimu. Mashine hii ya pili ina miaka 6, na ilikuwa ya bei nafuu kuliko ile ya kwanza.

BintiBremen (Ujerumani)

Mimi nitamtetea kidogo mtengenezaji wa ghali. Ninatumia Miele niliyoinunua ikiwa imetumika, nimebadilisha brashi za mota mara moja, na inaendelea. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1899, hutangaza kwamba huzipima mashine zake kwa matumizi yanayolingana na miaka 20. Hata hivyo, huku kinachonilinda zaidi ni vipuri. Tangu Machi 2021 kanuni za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wahakikishe vipuri kadhaa muhimu vinapatikana kwa angalau miaka 10, na wa friji kwa angalau miaka 7. Dada, mashine ileile ukiipeleka Tanga utabaki na uimara wake, lakini ule uhakika wa vipuri hausafiri nayo. Nilitaka kumpelekea mama yangu Unguja mashine kama yangu, na umeme wa huku unafanana na wa nyumbani, volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, tofauti na vifaa vya Marekani. Nilipouliza ni nani atakayemletea pampu ikifa, sikupata jibu, nikaacha.

Kaka_wa_Kigamboni

Fundi amesema kadi haipendi umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na wengi hushauri kifaa kilindwe kwa stebilaiza, yaani kisawazisha umeme; mimi napingana na hilo. Nilinunua stebilaiza kwa ajili ya mashine ya kufulia, na ndani ya miezi michache iliungua yenyewe, nusura ichome nyumba. Afadhali kifaa kiunganishwe moja kwa moja ukutani.

FundiBaridi (Dar es Salaam)

Kaka, stebilaiza yako ilikuwa ya ukubwa gani? Hita ya mashine ya kufulia huvuta karibu wati 2,000, yaani takriban ampea 9. Ukiifungia stebilaiza ya VA 1,000, ni lazima iungue. Mashine yenye hita inahitaji VA 3,000 au zaidi, na iliyoandikwa ukubwa wake kwa ukweli. Kwa friji, chagua inayochelewesha umeme dakika 3 hadi 5 baada ya kurudi, ili mgandamizo wa gesi utulie kabla kompresa haijawaka.

MwenyejiRaskazone (Tanga)

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee wa Nyali. Tumekubaliana hivi na mume wangu: friji ya zamani itaenda kwa fundi afunge mabomba ya nje, kwa kuwa tumepima na mvujo uko upande wa joto. Mashine tutanunua mpya, ya bei ya kati, na nimekataa mbili dukani kwa sababu muuzaji alishindwa kunionyesha kama tangi lake limefungwa kwa bolti. Ya tatu tangi lake lina bolti, na beringi zake nimeziona kwenye duka la spea hapahapa mjini. Limebaki swali moja. Tangi letu la maji liko juu ya mnara wa mita 3 tu, na kitabu cha mashine kinadai msukumo wa maji wa angalau bari 0.5. Je, itajaza?

FundiBaridi (Dar es Salaam)

Haitajaza vizuri, dada. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban bari 1, kwa hiyo mita 3 zinakupa 0.3, na hupungua tena kwenye bomba jembamba. Mashine itasubiri maji, kisha itaonyesha kosa, na utaambiwa ni mbovu. Pandisha mnara uvuke mita 5 kutoka usawa wa valvu, yaani pale maji yanapoingia kwenye mashine, au funga pampu ndogo ya kuongeza nguvu, na mbele ya valvu weka chujio, kwa maana mchanga wa tangi huziba kile kichujio kidogo kilichomo kwenye valvu mapema sana.