Vitz kutoka Hokkaido imekuja na matairi ya theluji: niyaache au niyatoe?

Mwana wa Kiuyu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimepokea Toyota Vitz iliyonunuliwa mnadani Sapporo, katika kisiwa cha Hokkaido, ikashushwa bandari ya Malindi, Unguja, na baadaye kuvushwa hadi Mkoani, Pemba. Matairi yote manne yana kashata nene ambazo sijawahi kuziona katika gari ndogo, ubavuni yameandikwa STUDLESS pamoja na M+S (kifupi cha Kiingereza cha tope na theluji), na juu ya kila kashata mna mikato myembamba ya mawimbi isiyohesabika. Jirani yangu ananipongeza, kwa hoja kwamba tairi lililoweza kushika theluji haliwezi kushindwa na tope la Konde wakati wa masika. Shemeji yangu aliyeko ugenini, kinyume chake, amenipigia simu akanisisitiza niyatoe kabla mvua hazijaanza, ila simu ilikatika kabla hajanipa sababu.

Naomba kufahamishwa mambo mawili. Matairi haya hufanya kazi gani khasa juu ya theluji na barafu, hata yakalazimika kutengenezwa kwa namna ya peke yake? Na kama kweli yana nguvu huko, kwa nini nguvu hiyo isiwepo hapa kwetu?

Mpemba wa Tampere

Waaleikumu salaam. Mimi ni mzaliwa wa Wete na naendesha gari Ufini, ambako kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Machi sheria inataka gari ifungwe matairi ya baridi pale hali ya hewa au ya barabara inapolazimu, na kina cha kashata kisipungue milimita 3. Nitalijibu swali la kwanza kwa urefu, kwani likieleweka hilo, la pili halitakuwa na ugumu.

Watu wa kwetu hutazama kashata kwanza, lakini jambo kubwa ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida, lile tunalotumia Zanzibar mwaka mzima, umechanganywa ili ubaki imara juu ya lami ya moto. Joto likishuka chini ya takriban nyuzi 7 za Selsiasi huanza kukakamaa, na likifika nyuzi 10 chini ya sifuri huwa mgumu kiasi cha kushindwa kushika barabara vizuri, hata pasipokuwa na chembe ya theluji. Mpira wa tairi la baridi huchanganywa na silika nyingi (madini ya jamii ya mchanga) na viungo vinginevyo ili usalie laini katika baridi hiyo, ujibonyeze na kufuata kila kikwaruzo cha njia.

Kashata huja baada ya hapo, na inabidi tutenganishe theluji na barafu, kwa sababu dereva hukabiliana nazo kwa namna mbili tofauti. Juu ya theluji, mifereji mipana hujaa theluji na kuishindilia, kisha gari husonga mbele kwa kuusukuma ule ukuta mdogo ulioshindiliwa. Theluji hushikana na theluji mwenziwe kwa nguvu kuliko inavyoshikana na mpira, kwa hiyo tairi unaloliona limejaa weupe lipo kazini. Tairi la tope hutakiwa lijisafishe kila linapozunguka, na ndiyo maana mapengo yake huwa makubwa zaidi na kashata zake ngumu zaidi. Jirani yako ameyachanganya mambo hayo mawili.

Barafu ni mtihani mwengine kabisa, kwani hapo hakuna cha kushindilia wala cha kusukuma. Kinachotelezesha zaidi ni utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu. Kwa sababu hiyo barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri ni hatari kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri, jambo ambalo wageni hulikataa mpaka walione kwa macho yao. Dereva wa huku huogopa zaidi siku ambayo theluji imeyeyuka mchana na kuganda upya jioni. Ile mikato uliyoiona hutoa ncha nyingi zinazokwaruza barafu, na wakati huo huo hupokea maji ya utando huo ili mpira uguse barafu yenyewe. Wajapani waliongeza ufundi mwengine: mpira wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo navyo hufyonza maji. Bridgestone walileta Blizzak yao kwa njia hiyo mwaka 1988.

Hapa Ufini watu wengi bado hufunga matairi yenye misumari midogo ya chuma, na kwenye barafu tupu iliyo karibu na sifuri sijaona tairi la kuyashinda. Japani pia waliyatumia, lakini misumari ilisaga lami hadi miji ya kaskazini ikafunikwa na vumbi majira ya kuchipua, na kwa sheria ya mwaka 1990 wakapiga marufuku kuyatumia katika maeneo maalumu kwenye barabara isiyo na theluji. Tangu hapo soko la huko likahamia kwenye matairi ya barafu yasiyo na misumari, ndiyo maana ya STUDLESS, kama hayo yaliyokufikia.

Nisikufiche, hata lililo bora katika aina hii haligeuzi barafu kuwa lami. Wapo wanaodhani gari ya kuvuta magurudumu manne imewakinga. Magurudumu manne yanasaidia gari kuondoka na kupanda mlima. Kwenye kusimama, kila gari hutumia breki za magurudumu manne, ikiwemo Vitz yako.

Mwalimu wa Fizikia, Chake Chake

Naomba nitie hesabu katika maelezo ya ndugu yetu, kwa kuwa ni hesabu ninayowafundisha vijana skuli. Umbali wa kusimama hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa kasi, kisha kugawa kwa mara mbili ya kiwango cha msuguano kilichozidishwa na mvutano wa ardhi. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa, sawa na mita 13.9 kwa sekunde, juu ya lami kavu yenye msuguano wa 0.8 itahitaji takriban mita 12 za breki. Juu ya theluji iliyoshindiliwa, tukikadiria 0.25, itahitaji mita 39. Juu ya barafu tupu, tukikadiria 0.1, itahitaji mita 98, karibu urefu mzima wa uwanja wa mpira, na hapo sijaingiza ile sekunde moja ya dereva kutanabahi, ambayo pekee hula mita 14.

Viwango hivyo hubadilika kwa joto na kwa aina ya tairi, na tairi zuri la baridi hukipandisha kiwango cha msuguano kwa kiasi cha kuokoa mita nyingi. Hata hivyo, kasi ikipunguzwa nusu, umbali hushuka hadi robo: zile mita 98 huwa 25 tu. Muuza matairi hana sababu ya kukutajia hilo, kwani kuondoa mguu kwenye mafuta hakumletei faida. Nchi ya ndugu yetu wa Tampere, kama sikosei, hushusha mipaka ya kasi katika barabara nyingi kila majira ya baridi.

Mpemba wa Tampere

Hukosei, Mwalimu. Barabara nyingi za kilomita 100 kwa saa hushushwa hadi 80, na zile kuu za 120 hushushwa hadi 100.

Fundi Mipira, Mwanakwerekwe

Swali la pili niachieni mimi, maana gari za namna hii tunazipokea kila meli inapotia nanga. Ulaini uliosifiwa hapo juu ndio unaoleta tabu kwetu. Juu ya lami ya Januari, jua la kaskazi likiwa limewaka tangu asubuhi, kashata laini na ndefu hujipinda chini ya uzito wa gari. Dereva husikia usukani unachelewa kujibu, gari huyumba kwenye kona, breki huvuta mbali zaidi, na ule unene anaojivunia huliwa upesi mno. Ukiyapitisha mkono baada ya safari ya mchana utayakuta yamepata joto jingi kuliko matairi ya kawaida.

Mvua nayo si rafiki wa matairi haya. Yametengenezwa kuondoa utando mwembamba wa maji juu ya barafu. Dimbwi la masika juu ya lami yenye joto linataka mifereji iliyonyooka ya kutoa maji mengi kwa haraka, pamoja na mpira mgumu kidogo unaoweza kushika lami iliyorowa. Soma ubavuni: aghlabu utakuta herufi Q, ambayo ni kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa, ilhali tairi la kawaida la Vitz huwa na S au T, yaani 180 au 190. Hakuna anayefika huko Unguja wala Pemba, lakini herufi hizo hutokana na vipimo vya kustahamili mwendo na joto, kwa hiyo zina la kukwambia.

Tazama pia tarakimu nne zilizo mwisho wa maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT, kama yapo. Ukikuta 4217, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 42 ya mwaka 2017. Mpira huu ukizeeka hukauka na kuwa mgumu, na hapo huwa umepoteza sifa ya barafu bila ya kupata sifa ya joto. Ndani ya mifereji kuna vidato vinavyojitokeza kashata ikiisha nusu. Huko Japani kikifikiwa kidato hicho, tairi halihesabiwi tena kuwa la theluji, ingawa bado lina kashata ya kuonekana nzuri machoni mwa mnunuzi wa huku. Mimi nadhani ndiyo sababu moja ya wingi wake melini.

Mwana wa Kiuyu

Nawashukuru nyote, sasa nimeelewa. Linabaki suala la fedha. Matairi manne kwa mkupuo ni mzigo kwangu. Je, naweza kununua mawili mapya niyafunge mbele, kwa kuwa gari yenyewe huvutwa na magurudumu ya mbele, na hayo ya theluji yakasalia nyuma kwa muda?

Mpemba wa Tampere

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Huku pia wapo wanaofunga matairi ya baridi mbele peke yake ili gari iweze kuondoka, na matokeo yake ni gari kuzunguka kwenye kona ya kwanza yenye barafu. Hesabu ni ile ile kwenye lami iliyorowa. Unaposhuka kilima kati ya Chake Chake na Mkoani na ukakanyaga breki ndani ya kona, uzito huhamia mbele, nyuma hubaki nyepesi, na kama nyuma ndiko kuliko na matairi dhaifu, huko ndiko kutakakotangulia kuteleza. Sehemu ya mbele ikiteleza, dereva hupunguza mwendo na gari hurudi njiani. Nyuma ikishaponyoka, dereva wa kawaida hana muda wa kuirudisha.

Kama huna budi kuanza na mawili, mapya yafungwe nyuma, uende taratibu, na mvua ikinyesha gari ibaki nyumbani mpaka upate mengine mawili.

Fundi Mipira, Mwanakwerekwe

Nakubaliana naye. Kwa Vitz nyingi za kizazi cha 2005 saizi ni 165/70R14, lakini hakikisha kwa kusoma kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, ambacho pia kinakupa kipimo cha upepo. Dukani usimwambie muuzaji akupe yenye kashata nene, maana atakuletea studless nyengine za mtumba. Haya yako usiyatupe. Wenye magari ya ng'ombe huyatafuta sana, na kwa mwendo wa ng'ombe hayana madhara yoyote. Zungumza nao, huenda ukapata sehemu ya fedha ya lile jozi la pili.