Springi ya mlango wa gereji imekatika: je, niuinue kwa mikono?

Mgeni wa Minnesota: Shikamooni wakubwa. Jana alfajiri, baridi ikiwa kali, nilisikia mlio kama wa risasi gerejini. Nimekuta springi iliyo juu ya mlango imeachana, pengo la vidole vitatu, na mota inanguruma bila kuuinua mlango. Je, naweza kuuinua kwa mikono ili nitoe gari?

Fundi wa Milango: Ndugu yangu, tafadhali usiuguse. Mlango wa magari mawili huweza kupita kilo 70, na uzito huo ulikuwa ukibebwa na springi, wala si mota. Ukikuponyoka, utashuka kwa kishindo. Springi za kawaida hutengenezwa kuhimili takriban mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga, kwa hiyo nyumba inayoufungua mlango mara nne kwa siku huifikisha idadi hiyo baada ya miaka saba hivi. Baridi humalizia tu chuma kilichokwisha kuchoka. Kama zipo mbili, badilisha zote.

Mama wa Watatu: Naomba niongeze, kwa sababu jambo hili lilitufika. Mume wangu alijaribu kuilegeza springi iliyobaki nzima kwa bisibisi, badala ya vyuma maalumu vya kukazia. Nguvu iliyojikunja ndani yake ikaizungusha bisibisi ghafla, ikamvunja kifundo cha mkono.

Mgeni wa Minnesota: Pole sana, dada. Nimechomoa waya wa mota na kuwazuia watoto wasiingie. Fundi anakuja saa nane mchana.