Pesa ya wazee: 2,000 kila mwezi au kitita kwa mkupuo?

Wenzangu, hapa Kibuye, Kisumu, swali hili limetugombanisha tangu Jumapili. Tangu 2018 serikali ya Kenya ina mpango wa kumpa mzee aliyevuka miaka 70, asiye na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Aendelee kupewa kidogo kidogo, au apewe za miaka miwili kwa mkupuo ajipange?

Mimi ni wa kitita, na sibahatishi. Kule Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly na watafiti waligawa vijiji mafungu. Vingine kila mtu mzima anapata kama 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12, vingine walipata hizo kwa miaka miwili tu, na vingine walipewa za miaka miwili zote pamoja, kama 50,000. Wanauchumi walipopima, akiwemo Abhijit Banerjee aliyepata Nobel 2019, wa kitita walikuwa wamefungua biashara nyingi kuliko wale wa miaka miwili kidogo kidogo. Na ule uvivu tuliotishiwa? Haukuonekana. Watu waliacha vibarua wakajiajiri.

Sasa nyanya yangu, Ugunja. 2,000 ikiingia, nusu ni ya mwenye duka kabla hajaishika. Kwenye daftari la deni ana ukurasa wake mzima: sukari, majani, mafuta ya taa, sukari tena.

Boda wa Kondele: Ndugu yangu, 48,000 mikononi mwa mama wa miaka 78? Wajukuu watatoka hadi Eldoret kuja kumsalimia! Na matanga yakitokea hapo katikati, imeishia kwa hema na ng'ombe. Hiyo kidogo kidogo ndiyo inamlinda.

Muuguzi, Nakuru: Vijiji hivyo walipewa watu wazima wote, wengi wao wana nguvu za kusimamisha kibanda. Mgonjwa wa presha hatafuti mtaji, anatafuta dawa, na dawa huisha kila mwezi. Kitita kikishakuwa mbuzi, mwezi wa tano atameza nini?

Mwenye mada: Kwa dawa umenishinda, dada. Lakini wale wa miaka 12 walifanya vizuri kama wa kitita, hata kuwapita kwa mambo mengine, na wao pia hupata kidogo kidogo. Waliingia vyama vya kuchanga pesa, wakazungushiana, kila mtu akapata kitita chake zamu ikifika. Walithubutu kwa sababu wanajua pesa inakuja.

Nyanya naye aliomba kuingia chama cha kina mama wa kanisani, 500 kwa mwezi. Mweka hazina akafungua kitabu, akashika kalamu, akamuuliza: "Yako huingia tarehe ngapi?" Nyanya akacheka tu. Hawakumkataa. Walimwambia angoje kwanza, na mpaka leo anangoja.

Mama samaki, Dunga: Si roho mbaya. Kwetu ukichelewa siku moja, faini 50. Angekula faini hadi zamu yake ifike, apokee hewa.

Boda wa Kondele: Kumbe umehama! Ulianza na kitita, sasa unadai tarehe.

Mwenye mada: Nimehama, sikatai. Haya, nani atatetea kumlipa mzee bila tarehe?