Naomba ushauri: nimeombwa kusoma kumbukumbu yangu ya Hayati Sokoine

Mwana wa Monduli: Ndugu zangu, wazee wa kijijini kwetu wameniomba niandike kumbukumbu yangu ya Hayati Edward Moringe Sokoine, isomwe tarehe 12 Aprili, siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Siku alipofika bomani kwetu aliliacha gari barabarani, akaja kwa miguu, akasimama na baba zizini akiulizia ng'ombe na malisho kabla ya habari nyingine yoyote. Siku mbili baadaye akafariki. Wageni watakuwa wengi. Je, nisome kwa Kimaasai au kwa Kiswahili? Tangu nilipoombwa silali vizuri.

Mkulima wa Mvomero: Soma kwa Kimaasai, mwingine atafsiri. Mwaka 1984 nilikuwa darasa la sita. Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kwamba Waziri Mkuu amefariki kwa ajali ya gari, marehemu baba aliizima redio, akaiwasha tena, kana kwamba tangazo lingebadilika. Hadi leo nikipita Dakawa, mahali pa ajali ile, napunguza mwendo.

Mama Subira: Lugha yoyote itafaa, mwanangu. Waeleze vijana kwamba mwaka 1983, alipowakabili walanguzi na wahujumu uchumi, sisi tuliokesha kwenye foleni za sukari na sabuni tuliona kwamba yupo kiongozi anayeijua shida yetu. Wenye vyeo leo wangeanzia hapo.

Msomaji wa Zamani: Ulikuwa na umri gani, ndugu? Sokoine alifia njiani akitoka Dodoma bungeni kuelekea Dar es Salaam. Sielewi ni vipi siku mbili kabla ya hapo awe amesimama zizini Monduli. Naona habari hii imetungwa.

Mkulima wa Mvomero: Tusimwite mtu mwongo kwa kukosea siku. Hata mimi sikumbuki ilikuwa saa ngapi.

Msomaji wa Zamani: Umri wake bado hajautaja.

Mwana wa Monduli: Nilizaliwa mwaka 1982. Aliyeyaona hayo ni kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akichunga ndama siku hiyo, naye tulimzika mwaka juzi. Alinisimulia mara nyingi mno, hata nikifumba macho naliona zizi na vumbi lake. Zile siku mbili niliziongeza mimi. Kaka hakuwahi kutaja tarehe. Hata hivyo, karatasi wazee wanayo tayari na jina langu limo kwenye ratiba. Ikiwa jambo lenyewe lilitokea, kuna ubaya gani likitoka kinywani mwangu?

Mama Subira: Ubaya ni kwamba unamnyang'anya marehemu kitu pekee alichokuachia. Mume wangu alikuwa na hadithi yake ya foleni, nami nikiisimulia kwa wajukuu naanza kwa jina lake, kwa maana wakinisikia nasema "nilikuwa" wataniuliza mambo nisiyoweza kuyajibu.

Msomaji wa Zamani: Nalifuta neno "imetungwa". Lakini siku ile watakuwapo wazee waliomfahamu Sokoine kwa karibu, nao wataziona siku mbili hizo kama nilivyoziona mimi.

Mwana wa Monduli: Nimempigia simu mzee anayeandaa ratiba. Hakukasirika, aliuliza tu jina la kaka liandikwe vipi. Siku mbili nimezifuta, na mwanzo sasa unasema, "Kaka yangu aliona." Kaka hakuwahi kuisimulia habari hii kwa Kiswahili, kwa hiyo nitaisoma kwa Kimaasai.