Ushauri: bunduki ya upepo ya marehemu baba haishiki upepo

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Wisconsin, Marekani, ambako marehemu baba alikuja kusoma miaka ya 1970 na hatimaye akabaki. Katika vitu alivyoniachia imo bunduki ya upepo ya kupampu, Sheridan Blue Streak ya milimita 5, iliyotengenezwa mjini Racine, katika jimbo hilihili. Alikuwa akiitumia kulenga makopo nyuma ya nyumba, nami nilikuwa mtoto wa kuyapanga upya kila yalipoanguka. Imekaa kabatini zaidi ya miaka 15. Sasa nikiipampu, mkono wa pampu unakwenda na kurudi mwepesi kabisa, na nikifyatua hakuna kinachotoka. Rangi ya mtutu imebanduka hadi shaba inaonekana, na mbao ya pampu imelainika na kung'aa pale kiganja chake kilipokuwa kikishika. Nianzie wapi, na je, niipige msasa na kuipaka rangi upya?

Mchangiaji wa kwanza

Mungu amrehemu mzee. Kabla ya yote, fungua bolti uhakikishe hamna risasi ndani, na kila unapoijaribu ielekeze mahali salama, hata kama unaamini haina upepo.

Wepesi huo wa mkono unaonyesha kwamba kikombe cha pampu, yaani washa iliyo kwenye kichwa chake, kimekauka. Wengi wetu tuliokulia na baiskeli tunaijua hali hii: washa ya ngozi ya pampu ikikauka, upepo unapita pembeni, na ukiilainisha kwa mafuta inashika tena. Fungua mkono wa pampu hadi mwisho, weka matone machache ya oili maalumu ya bunduki za upepo kwenye kichwa cha pampu na kwenye kipande cha sufi kilicho nyuma yake, kisha iache usiku kucha. Usitumie mafuta ya kupuliza ya kulegezea kutu, kwa sababu yanaweza kuharibu sili (vipande vinavyozuia upepo usivuje) na yakikauka huacha utando unaonata.

Mchangiaji wa pili

Naungana na mwenzangu, ila oili haifufui sili iliyokwisha kufa. Baada ya kuilainisha, pampu mara tatu na usikilize. Ukisikia mvumo mdomoni mwa mtutu, valvu ya kutolea upepo ndiyo inayovuja. Mkono wa pampu ukijiinua wenyewe, ni valvu ya kuingizia. Hapo utahitaji seti ya sili mpya, ambazo bado zinauzwa, na kifaa maalumu cha kufungulia valvu. Kama huna kifaa hicho, mpelekee fundi wa bunduki za upepo, maana nati ya valvu ikichunwa meno kazi inakuwa kubwa zaidi. Usizidishe pampu 8, kwa kuwa hicho ndicho kikomo chake. Pia usiipashe moto wala kuibana kwenye jiliwa, kwa sababu mtutu na bomba la pampu vimeunganishwa kwa kulehemu.

Kuhusu msasa, nakusihi usiuguse. Rangi mpya inauzwa dukani, lakini alama ya kiganja cha baba yako ukiisugua hutaipata tena popote. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana. Niliweka oili Ijumaa jioni, na Jumapili mkono wa pampu ulianza kukinza kuanzia pampu ya pili. Nilipampu mara tatu nikaiacha. Asubuhi nilipofyatua kuelekea kwenye gunia la mchanga ilitoa mlio. Hata hivyo, nikiweka sikio kando ya bomba bado nasikia mvumo mwembamba, na mkono wa pampu umejiinua kama upana wa kidole. Nimeagiza sili, na valvu nitampelekea fundi. Mbao sijaigusa.