Tupeane uzoefu: "Maziwa hayatoki", nini hasa hukatisha miezi 6 ya titi tupu Unguja na Pemba?

Mwanzisha mada: Sera inajulikana: titi ndani ya saa 1 tangu kuzaliwa, titi tupu (maziwa ya mama peke yake) hadi miezi 6, kisha chakula cha nyongeza huku mtoto ananyonya hadi miaka 2 au zaidi. Miaka 2 kamili imo katika Suratul Baqara, aya ya 233, hapo hatugombani. Tunagombana siku ya tatu, mtoto akilia usiku. Leteni yanayofaa kazi, si mawaidha.

Mkunga_Wete: Siku ya kwanza tumbo la mtoto halizidi kijiko cha chai au viwili. Ndiyo maana dang'a, yale maziwa ya mwanzo, ni kidogo. Si uchafu wa kukamuliwa ukamwagwa. Maziwa meupe hujaa siku ya 2 hadi ya 4. Katikati hapo bibi huleta maji ya sukari au dawa ya mchango. Mtoto akijaa hayo hanyonyi, titi halipungui, maziwa yanachelewa, na bibi anaonekana alisema kweli! Hesabuni mkojo: kuanzia siku ya 5, mara 6 au zaidi kwa saa 24, basi anashiba. Maji hahitaji hata kaskazi likipamba moto, kwani maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Asali hapana mpaka mwaka utimie, hata kwenye tahniki (kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu kinywani).

Shoga_Mfenesini: Chuchu ikichanika, tazama kwanza mtoto anavyokamata. Mguse mdomo kwa chuchu, ngoja apanue kama anayepiga miayo, umlete yeye kwenye titi. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje. Maumivu yakiendelea, tia kidole pembeni ya mdomo umtoe, uanze upya. Uji wa pilipili manga na supu ya pweza mpeni mzazi, vitamu, ila titi hujazwa na kunyonywa, usiku hasa.

Mwani_Jambiani: Huku kwetu shida ni bamvua, bahari inapokupwa sana. Maji yakitoka, mwanamke yuko kwenye shamba la mwani saa kadhaa. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, kisha kamua. Nawa kwa sabuni; kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu; sukuma kuelekea kifuani, ndipo ubane. Usivute ngozi. Badilisha titi kila dakika 3 hadi 5, jumla dakika 20 hadi 30. Kikombe kiwe kimechemshwa, kina kifuniko. Nje ya friji yasizidi muda wa saa 4, kwa joto letu bora mapema zaidi. Ndani ya friji siku 4. Mafuta yakielea juu hayajaharibika, zungusha kikombe. Usiyapashe juu ya moto, yaweke ndani ya bakuli la maji moto. Mlezi atumie kikombe, maana chupa ngumu kusafisha.

Baba_Chake: Kwa walioajiriwa: ajira si jambo la Muungano. Saa 2 kwa siku za kunyonyesha za sheria ya Bara ya 2004 msizitegemee huku. Someni Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005 na mkataba wenu kabla ya likizo kuanza. Na mhudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya (mpango wa afya ya jamii wa Zanzibar) akija nyumbani, mama mkwe aitwe akae. Kumfundisha mzazi peke yake ni kumpeleka vitani bila ngao.

Mkunga_Wete: Naongeza moja. Titi likiwa jekundu, la moto, na homa juu, msiliachishe. Endeleeni kunyonyesha upande huohuo au kukamua, na homa ikizidi saa 24 nendeni spitali. Titi likiachwa limejaa ndipo jipu linapotunga.